Kimya cha Mfanyakazi Mtandaoni Kina Mshindo

Wahenga walitwambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii hunijia kila ninapowasikia wakuu wa shule, mameneja wa kampuni na wakurugenzi wa mashirika wakijisifu kwamba wamewaunganisha wafanyakazi wao mtandaoni. Siku hizi ni nadra kuipata ofisi isiyo na kundi lake la simu. Hata shule ya mabati yenye madarasa manne ina kundi la WhatsApp la walimu. Ukiwauliza wakuu hao madhumuni ya makundi hayo, jibu huwa ni moja: kuwashirikisha wafanyakazi na kuwatia ari ya kazi. Ukiwauliza wafanyakazi wenyewe huwa wanasema nini humo, jibu pia huwa ni moja: hatusemi.

Katika makala haya ninanuia kuuchunguza ukimya huo, hasa unavyojitokeza katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi. Nimeichagua mitaa hii kwa sababu mbili. Kwanza, humo ndimo wanamoishi wengi wa wale wanaoibeba kazi ya jiji hili mabegani: walinzi wa usiku, vibarua wanaotembea kwa miguu hadi viwandani, na yaya wanaoondoka Kawangware alfajiri kuingia katika majumba ya Lavington, hatua chache tu kutoka makwao lakini mbali sana kimaisha. Pili, mitaa hii imejaa shule ndogo za kijamii na za kibinafsi, na baadhi ya niliowafundisha chuoni wameanzia kazi katika shule hizo. Niyasemayo kuhusu shule nimeyapata kwao, wala sitaitaja shule au mtu yeyote kwa jina.

Tuanze na neno lenyewe, maana maneno ndiyo kazi inayonipa riziki. Kitenzi kushiriki humaanisha kuwa na fungu katika jambo pamoja na wenzako. Ukikitia katika kauli ya kutendesha unapata kushirikisha: hapa yupo mtu mwenye jambo lake, naye humkaribisha mwingine ndani. Ukiendelea hadi kauli ya kutendeshwa unapata kushirikishwa: huyu wa mwisho hana alitendalo, anatendewa. Mwajiri hushirikisha, mfanyakazi hushirikishwa. Ipo hata hivyo kauli ya kutendana, itupayo kushirikiana. Katika kushirikiana hakuna mwenyeji wala mgeni. Kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Wanafunzi wetu huvinyambua vitenzi vya aina hii katika mitihani bila taabu. Watakapoajiriwa watagundua kwamba tofauti baina ya kauli hizo si ya alama za mtihani tu, bali ni ya riziki na utu wao.

Makundi haya ya simu yalienea kwa kasi mwaka 2020. Mnamo Machi mwaka huo serikali ilizifunga shule zote nchini kwa sababu ya janga la korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Walimu wengi wa shule za kibinafsi, ambao mishahara yao hutegemea karo ya wazazi, walikaa miezi hiyo bila malipo. Simu ndiyo iliyobaki kuwa chumba cha walimu. Humo walijuliana hali, humo walisubiri habari za kurejea kazini. Shule zilipofunguliwa, simu haikurudi mfukoni. Ratiba za zamu, maagizo ya mitihani, karipio kwa waliochelewa na taarifa za mshahara kukawia, yote yakahamia humo.

Hapo ndipo ninapofikia kiini cha hoja yangu. Karibu kila mahali pa kazi nilipopata kudadisi, kundi si moja, ni mawili. La kwanza ni lile rasmi, lililoundwa na mkuu, naye yumo. La pili liliundwa na wafanyakazi, na mkuu hayumo. La kwanza ni baridi kama jiwe la mtoni. La pili huwaka usiku na mchana.

Chukua mfano wa shule moja huko Kawangware. Mkuu alitangaza katika kundi rasmi kwamba mshahara ungekawia kwa majuma mawili. Tangazo liliandikwa kwa Kiingereza kizito cha barua za serikali. Majibu yaliyofuata yalikuwa ya neno moja moja ya kukiri kwamba habari imeonekana, na baadhi waliweka alama ya kidole gumba tu. Mgeni angedhani kwamba walimu wameridhika. Kumbe katika lile kundi la pili, saa hiyo hiyo, mwalimu mmoja alikuwa akieleza kwamba mwenye nyumba amemwekea kufuli mlangoni, na wenzake walikuwa wakichanga shilingi mia mia ili kumwokoa. Mwingine alikuwa akiuliza kama kuna shule nyingine inayotafuta mwalimu wa Hisabati. Mambo yote ambayo mkuu alihitaji kuyajua ili aiendeshe shule yake yalikuwa yakisemwa, lakini mahali asipoweza kuyasikia.

Kwa jicho la isimu, jambo moja zaidi linadhihirika. Makundi haya mawili hayatofautiani kwa wanachama tu, bali kwa lugha pia. Katika la kwanza hutawala Kiingereza cha kuchagua maneno. Katika la pili mna Kiswahili, Sheng, na lugha za nyumbani, pamoja na mizaha yote inayozifanya lugha hizo kuwa hai. Si kwamba walimu hao hawakijui Kiingereza, wanakifundisha. Ila lugha ya kundi la kwanza ni lugha ya kujilinda. Mtu huzungumza hivyo anapohofia kwamba kila neno lake huenda likatolewa siku moja kama ushahidi dhidi yake.

Ningependa basi kupendekeza kipimo ambacho hakigharimu hata senti. Mwajiri akitaka kujua ari ya wafanyakazi wake, asiwapelekee hojaji yenye maswali arobaini. Na ajiulize: kuna umbali gani baina ya yanayosemwa nikiwapo na yanayosemwa nisipokuwapo? Umbali huo ukiwa mfupi, kazi ina moyo. Ukiwa mrefu, hata kama matangazo yake hukirimiwa vidole gumba mia moja, huyo anatawala tu, haongozi.

Wataalamu wa mambo ya kazi wameligusia suala hili kwa njia yao. Mwaka 1990 msomi Mmarekani, William Kahn, alichapisha utafiti aliowachunguzia vijana wasimamizi wa kambi ya likizo na wafanyakazi wa kampuni moja ya wasanifu majengo. Aliuliza ni lini mtu huitia nafsi yake yote kazini, na ni lini huiondoa akabakiza mikono tu. Alibainisha masharti matatu: mtu aione maana ya anachokifanya, awe na usalama wa kujidhihirisha bila kuogopa kudhurika, na awe na nguvu za mwili na akili za kujitolea. Nayatafakari masharti hayo nikiikumbuka shule yetu ya Kawangware. Maana ya kazi ipo, kwa kuwa mwalimu anawaona watoto wakijua kusoma. Nguvu zinapungua, maana kodi ya nyumba haijalipwa. Lakini usalama ndio haupo kabisa, na pasipo na usalama hakuna mtandao utakaomfungua mtu kinywa.

Haitoshi kujibu kwamba watu wengi hunyamaza mtandaoni kwa desturi tu. Ni kweli kwamba mwaka 2006 mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen, alieleza kuwa katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 ya wanachama husoma tu, asilimia 9 huchangia mara moja moja, na asilimia 1 ndiyo inayozungumza sana. Lakini kanuni hiyo ilihusu jumuiya kubwa za watu wasiojuana. Walimu kumi na wawili wanaokula githeri katika chumba kimoja kila adhuhuri si umati wa wageni. Wakinyamaza, wameamua kunyamaza.

Jambo hili si la shule ndogo pekee. Nairobi imejionea, mbele ya macho ya ulimwengu, yanayotokea pale kampuni kubwa inapokiachia kimya kikomae. Kampuni ya Samasource, ambayo baadaye ilifupisha jina ikawa Sama, ilianzishwa mwaka 2008 na Leila Janah kwa nia ya kuwapa watu wa tabaka la chini kazi za kidijitali. Mnamo 2018 mashirika ya habari ya ng'ambo yaliandika kwa kustaajabu kuhusu wakazi wa Kibera waliokuwa wakiamka asubuhi kwenda kuzifundisha kompyuta jinsi ya kutambua barabara, magari na watu, ili magari yasiyo na dereva yaweze kujiendesha nchi za mbali. Ilikuwa hadithi ya kutia moyo, na kwa waliopata mshahara wa kwanza maishani mwao haikuwa uongo.

Lakini kampuni hiyo hiyo ilichukua pia kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook. Wachujaji waliajiriwa kwa sababu ya lugha zao. Walitoka Kenya, Afrika Kusini, Ethiopia, Uganda, Somalia na kwingineko, wakakalishwa mbele ya kompyuta kutazama picha na video za mauaji na unyama ili mimi nawe tusizione. Mwaka 2019 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai hali bora. Aliachishwa kazi. Alisema ni kwa sababu ya jitihada hizo, nayo kampuni ikakana. Mnamo Mei 2022 alifungua kesi jijini Nairobi dhidi ya Sama na Meta, wenye Facebook. Januari 2023 Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi hiyo ya uchujaji, na miezi miwili baadaye wachujaji zaidi ya 180 walikwenda mahakamani. Mwezi huo huo wa Januari jarida la Marekani la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosaidia kuisafisha programu ya ChatGPT walikuwa wakipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa.

Kisha, tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya watu 150 waliofanya kazi kama hizo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wachujaji wa maudhui wa Afrika. Mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Tazama basi kinaya cha mambo. Kazi ya watu hawa ilikuwa kulinda mazungumzo ya mtandaoni ya mamilioni ya walimwengu, ilhali wao wenyewe iliwabidi wafike mahakamani ndipo wasikilizwe.

Wala historia yetu haikuanzia kwenye simu. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa walisusia kazi, bandari na reli zikakwama, na kukazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia. Walikutana uwanjani, watu wa makabila mengi waliotoka pembe zote za nchi. Serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia mwaka huo huo na kumhamishia Baringo kwa miaka mingi. Lakini serikali hiyo hiyo ililazimika pia kuunda baraza la kuyasikiliza malalamiko ya mishahara. Uwanja ule wa Mombasa ulikuwa kundi la pili la enzi zake. Mwajiri asiyesikia katika chumba chake husikia uwanjani, na huko sauti huwa ni kali zaidi.

Je, njia nyingine ipo? Ipo, nayo haihitaji fedha nyingi. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya kijamii huko Kibera alifanya mambo mawili tu. Kwanza, kila Ijumaa aliuliza swali moja katika kundi la walimu, kwa Kiswahili chepesi, na kila Jumatatu alieleza alichofanya kuhusu majibu aliyopata. Pale aliposhindwa, alisema ameshindwa na sababu yake. Pili, kabla ya siku ya mshahara alionyesha karo iliyokusanywa mwezi huo na jinsi ilivyotumika. Majuma ya kwanza walimu walijibu kwa tahadhari. Waliposadiki kwamba maneno yao hayageuzwi kuwa rungu, walianza kunena. Wao ndio waliopendekeza kwamba fedha zikipungua, walipwe kwanza sehemu wale wanaodaiwa kodi ya nyumba mwanzoni mwa mwezi.

Mishahara haikuongezeka, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba uwazi hununua unga. Lakini walimu hawakubahatisha tena wanachofichwa. Lile kundi lao la pili halikufa. Lilibaki mahali pa mizaha, michango ya matanga na ubishi wa kandanda, yaani mambo ambayo ni haki ya wafanyakazi kuwa nayo wenyewe.

Kibera ilikwisha kutufundisha somo hili hapo awali. Hadi mwaka 2009 mtaa huo ulikuwa kama pengo tupu katika ramani za mtandaoni, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu waliishi humo. Mwaka huo vijana wa vijiji vyake walifunzwa kutumia vifaa vya kupimia mahali, wakapita vichochoroni wakiandika ilipo shule, zahanati, bomba la maji na choo, kisha wakaviweka katika ramani huria ya OpenStreetMap. Mradi huo uliitwa Map Kibera. Vifaa vililetwa na wageni, lakini ramani ilipata uhai kwa sababu waliopajua ndio walioandika. Chombo hakijengi jumuiya. Jumuiya hujengwa na wale wanaojua kwamba neno lao litabadilisha kitu.

Nawasikia wakuu wakinong'ona kwamba uhuru huu utaleta umbea na utovu wa nidhamu. Hofu hiyo si ya bure. Kundi lisilo na kanuni hugeuka soko la uvumi na matusi, na mwenye kinywa kipana huwazima wenzake. Lakini umbea huota palipo giza. Mkuu anayefunga mlango wa kundi rasmi hauzuii uvumi; anauhamisha tu mahali asipoweza kuusahihisha. Wapo pia wanaotuma majasusi katika kundi la pili ili wajue nani amesema nini. Hao ninawaonya kwamba wanabomoa hata kidogo kilichosalia. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya haki kazini, pamoja na kuunda chama na kujiunga nacho. Mahali pa wafanyakazi kuzungumza wenyewe si hisani ya mwajiri.

Kwa hivyo, anayetaka kundi la mtandaoni liwe chemchemi ya ari ya kazi na azingatie mambo manne. La kwanza ni lugha: iruhusiwe lugha ambayo mtu huitumia anaposema kweli. Katiba yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na sioni kwa nini mwalimu wa Gatina au Makina aombe radhi kwa kukitumia. La pili ni jibu: swali lisikae bila kujibiwa, hata kama jibu ni hapana. La tatu ni saa: mwaka 2022 Seneta Samson Cherarkey aliwasilisha mswada wa kumkinga mfanyakazi dhidi ya simu na ujumbe wa mwajiri baada ya saa za kazi. Hakuna haja ya kungoja sheria ndipo tuache kumwamsha mwalimu saa tano za usiku kwa ajili ya zamu ya kesho. La nne ni gharama: mwajiri anayetaka mfanyakazi awe mtandaoni na amnunulie bando. Ni aibu kumtoza mtu nauli ya kupelekewa amri.

Nawe mwanafunzi usomaye haya, usidhani hayakuhusu. Kesho utaingizwa katika kundi la kazi, na pengine keshokutwa utaliunda wewe. Utakaposhika madaraka, hesabu ni mara ngapi umejibu kabla ya kuhesabu ni mara ngapi umetangaza. Na walimu wenzangu mnapofundisha mnyambuliko wa vitenzi muhula ujao, msiharakishe kuipita kauli ya kutendana. Waulizeni wanafunzi ni kwa nini mtu mmoja anaweza kushirikisha peke yake, lakini hakuna awezaye kushirikiana peke yake. Wakilipata jibu, watakuwa wamejifunza sarufi na pia namna ya kuishi na watu kazini.